Mahindi ya Namba Moja

Daktari Mukami alimwaga mahindi ya mfuko namba moja kwenye trei nyeupe, akayatandaza kwa kiganja, kisha akayainamia. Nasike alisimama kando yake, mikono ndani ya mifuko ya koti la maabara.

"Huu ni mwezi wa ngapi?" Mukami aliuliza.

"Wa tano, daktari."

"Na haya yalivunwa lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Miezi saba kwa ghala. Haya, nionyeshe mdudu."

Nasike aliinama kama anatafuta. Hakutafuta. Alijua hakuna.

"Hakuna mdudu," Mukami alisema. "Hakuna tundu la mdudu. Hakuna gunzi, hakuna jiwe, hakuna punje imevunjika. Mimi nimezaliwa hapa Kitale. Mzee wangu amelima mahindi miaka arobaini na yake hayako hivi. Hii ni nyumba ya nani?"

"Ni namba moja, daktari. Tuliwaahidi watu hatutataja majina."

Hilo lilikuwa kweli, na Nasike alishukuru kupata kweli ya kujifichia.

Alikuwa mwaka wa pili katika mpango wa uzamivu wa uhandisi wa biolojia. Kati ya mamia walioomba, walichukuliwa wanane. Ada ililipwa, nyumba ililipwa, na kila mwisho wa mwezi waliingiziwa pesa za kujikimu. Kazi yake ilikuwa kuwabadilisha bakteria wasio na madhara ili wakikutana na sumu ya ukungu wa mahindi wageuke buluu. Kipande cha karatasi chenye bakteria hao, tone la maji ya unga, saa mbili za kungoja. Mama yeyote angeweza kujua kama ugali wake una sumu kabla ya kuusonga. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi iliyoandikwa katika ombi lake, na ndiyo iliyompatia nafasi.

"Yale tulichukua kule karibu na Suam kwa majaribio yaligeuka," Mukami aliendelea. "Karatasi ikawa buluu kama yunifomu ya shule. Ya kwenu Kabuchai, mifuko thelathini, hakuna hata moja imegeuka. Ama bakteria wako wamelala, ama watu wako wanakula vizuri kuliko watu wote wa Kenya hii."

"Watu wa kwetu ni wasafi," Nasike alisema, na papo hapo akatamani ardhi impasukie.

Mukami alimtazama juu ya miwani. "Jopo linakaa Jumanne. Wakiona matokeo haya watasema chombo chako hakifanyi kazi nje ya maabara. Unajua wanachofanya wakisema hivyo. Wanakupa shahada ya uzamili, wanakushukuru, unafunga virago. Nenda kwa nyumba zile zile. Niletee mahindi yenye watu wanakula. Sitaki yale wanaonyesha wageni. Uwe hapa Jumapili jioni."

"Nitaenda, daktari."

"Na Nasike. Anza na hii namba moja. Huyu ndiye nataka kumjua zaidi."

*

Zachary Wamalwa, karani mstaafu wa ofisi ya chifu, alikuwa ameketi kwenye baraza ya nyumba yake Kabuchai akiwa amevaa koti, ingawa jua lilikuwa kali na hapakuwa na safari. Tangu binti yake aingie kwenye mpango ule alivaa koti kila siku. Kando yake aliketi mzee Mukhisa, ambaye kijiji kizima kilimwita Kuka, yaani babu.

"Daktari amefika!" Zachary alipaza sauti hata kabla Nasike hajavuka ua. "Kuka, inuka umsalimie daktari."

"Kuinuka ndiyo shida yenyewe." Kuka alipandisha suruali hadi juu ya goti. "Angalia hii kitu, daktari. Inauma mvua ikikaribia."

"Kuka, mimi si daktari wa watu."

"Ni wa ng'ombe?"

"Wa vijidudu. Na hata huyo bado sijakuwa."

"Basi angalia tu, pengine ni vijidudu."

"Huyu hasomi kama sisi tulivyosoma," Zachary alisema. "Shule inamlipa. Mwezi ukiisha anaingiziwa kama mwalimu. Ushawahi kuona mwanafunzi analipwa?"

"Mimi nilikuwa nachapwa," Kuka alijibu, akashusha suruali.

Nasike alicheka kidogo, akapita hadi jikoni. Mama yake, Phelista, alikuwa akichanganya unga kwenye beseni. Unga wa mahindi ulikuwa na rangi ya majivu. Alimimina juu yake unga wa muhogo, akaongeza, akachanganya, akanusa, akaongeza tena.

"Mbona muhogo mwingi hivyo, Mama?"

"Baba yako anapenda."

Baba yake hakuwahi kupenda muhogo. Alikuwa akisema siku zote kwamba muhogo ni chakula cha mwaka wa njaa. Nasike aliketi kwenye kigoda.

"Mama, yale mahindi ulinipa siku ile tulikuja na gari, yalitoka wapi?"

"Kwa ghala."

"Mama."

"Si nimekwambia kwa ghala. Ama hiyo shule yenu imeanza kufundisha watu kuuliza mama zao kama polisi?"

"Daktari wangu anasema hayakuwa ya huku. Jopo linakaa Jumanne. Nikipeleka uongo wananifukuza."

Mkono wa Phelista ulisimama ndani ya beseni. "Kukufukuza? Kwa sababu ya mahindi safi?"

"Niliona mfuko, Mama. Ulikuwa umeshonwa na uzi wa buluu. Ni Hiram tu wa soko la Kamukuywa anashona mifuko na huo uzi."

Phelista aliutoa mkono, akaukung'uta unga polepole, kidole kwa kidole. Alikuwa mama mpole, lakini hakuwa mjinga.

"Uliona?"

"Niliona."

"Siku hiyo hiyo?"

Nasike aliutazama unga kwenye beseni.

"Kama uliona," Phelista alisema, "mbona ulipokea ukaandika?"

Nasike alikuwa amekuja kumhoji mama yake, na sasa aliyekuwa akihojiwa ni yeye.

Alikumbuka gari la mpango, la milango yenye nembo, na Derrick, mwanafunzi mwenzake kutoka Nairobi, ameketi kiti cha mbele na kamera. Wiki moja kabla ya hapo, kule karibu na Suam, Derrick alikuwa amefungua gunia la mwanamke mmoja, akarudi nyuma akijipepea pua. Waliporudi ndani ya gari alisema, "Wee! Hiyo hata kuku wa mathe wangu hawezi guza." Wote walicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa Nasike. Yule mwanamke alikuwa bado amesimama mlangoni anawapungia mkono. Siku saba baadaye gari lile liliingia kwa kina Nasike, na mama yake akatoka na mahindi meupe kama meno ya mtoto. Nasike aliona uzi wa buluu. Derrick alisema, "Hapa sasa ni kwa watu." Akapiga picha. Nasike akaandika: namba moja.

"Nilifikiri haitadhuru," alisema mwishowe.

"Na mimi nilifikiri hivyo hivyo." Phelista alirudisha mkono kwenye unga. "Mgeni anapewa nini? Anapewa ile nzuri. Hata kama ni kuku mmoja uko naye, unamchinjia mgeni. Sasa wewe unaletea mimi wageni na makamera, unataka niwatolee ile tunakula?"

"Ndiyo yenye walikuwa wanataka, Mama."

"Mbona hukusema?"

"Niliwasomea karatasi ya maelekezo kanisani."

"Ulisoma mbio ukiangalia saa. Yenye nilisikia ni ati watu wa shule yako wanakuja kuangalia mahindi yetu. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama. Nikawaambia, huyu ni mtoto wetu sisi sote, asiaibike mbele ya wenzake. Kila mtu achague. Dinah alichagua siku mbili mpaka macho ikawasha."

"Wote walichagua?"

"Wote. Mimi tu ndiye nilishindwa. Yetu ukichagua haibaki kitu."

*

Ghala lilikuwa nyuma ya nyumba. Phelista alifungua gunia lililokuwa karibu na mlango na kurudi hatua moja, kama vile Derrick alivyorudi. Harufu ilikuwa ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Nasike aliingiza mkono. Punje zilikuwa nyepesi, nyingine zimetoboka, nyingine zimevaa vumbi la kijani lililobaki kwenye vidole vyake.

"Mvua ilitupata mwezi wa kumi yakiwa kwa turubai," Phelista alisema. "Siku tisa. Tukaanua, tukatandaza, tukaanua. Baba yako akasema tuyaweke hivyo hivyo, kama tungengoja yakauke tungengoja mpaka Krismasi."

"Na ndiyo mnakula."

"Ulitaka tule gani?"

Zachary alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa amesikia vya kutosha.

"Hilo gunia halitoki hapa," alisema.

"Baba, ninahitaji kilo mbili tu. Na wale wengine nao watoe yao."

"Watoe yao, mimi sikatazi. Lakini wewe unataka mama yako asimame kanisani aseme alinunua mahindi kwa Hiram akakudanganya. Unataka watu waseme kwa Wamalwa wanakula chakula cha kuku. Mimi nimepigia watu wa lokesheni hii barua muhuri miaka ishirini na sita. Mtu akitaka kitambulisho alikuja kwangu amevua kofia."

"Wakinifukuza Jumanne pia watasema, Baba."

"Hawawezi kukufukuza. Wanakulipa."

"Wanaweza kuacha kunilipa."

Zachary alitazama koti lake, akatoa uzi uliokuwa begani, akautupa. "Basi tafuta maneno mazuri," alisema. "Wewe ndiye umesoma. Sema kulikuwa na kutoelewana."

*

Na hivyo ndivyo Nasike alivyosema. Jumamosi saa nne, mbele ya mama yake na akina mama wengine ishirini na tisa walioketi kwenye mabenchi ya kanisa, alisimama akiwa na daftari na kusema kulikuwa na kutoelewana kidogo.

"Mahindi mlinipa yalikuwa mazuri sana, na ninashukuru. Lakini utafiti unahitaji yale ya kula kila siku. Bila kuchagua. Mlipochagua, mliharibu kidogo matokeo."

"Nani aliharibu?" Dinah aliuliza kutoka benchi la pili. Alikuwa jirani yao, mjane mwenye sauti ya kuuzia samaki, na ndiyo kazi aliyofanya siku za soko.

"Sijasema mtu, Mama Dinah."

"Umesema mliharibu. Mimi nilikaa chini siku mbili nachagua punje kama mtu anachagua bwana. Sasa leo nimeharibu."

Watu walicheka. Nasike alijaribu kucheka nao.

"Karatasi ilisema msichague. Niliwasomea."

"Ulisoma kama dereva ako na haraka ya kushukisha watu. Na tuseme ni sawa, sisi tulichagua, tuliharibu. Ya mama yako je? Yeye alichagulia wapi?" Dinah aligeuka kuwatazama wenzake. "Si mimi nilimwona kwa Hiram Kamukuywa, amebeba gorogoro mbili za mahindi kwa mfuko wa kushonwa? Nikasema labda ako na wageni. Kumbe wageni ni nyinyi wa kamera!"

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa na kilikaa muda mrefu. Zachary, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anapita tu, aliangalia nje.

Hapo palikuwa pahali pa Nasike kusema. Neno lilikuwa moja: nilijua. Alilishika mdomoni, akatazama daftari lake kana kwamba limeandikwa humo.

"Hiyo ya nyumbani nitaiangalia," alisema.

Phelista aliinuka kwenye benchi la mbele. Hakumtazama mtu. Alitoka kwa mlango wa kando, na akina mama wakatazamana, kwa kuwa walikuwa wamemtania tu, hawakutaka aende. Mmoja alisema, "Dinah, umezidisha." Dinah alisema, "Si ni ukweli, bana," lakini sauti ilikuwa imeshuka. Nasike alibaki amesimama mbele. Hakuna aliyemwambia aketi.

Nyumba haikuwa mbali. Phelista alirudi baada ya dakika ishirini akiwa na gunia kichwani, nusu gunia, shingo imekakamaa, leso imejaa vumbi. Zachary alinyoosha mkono mlangoni, haikujulikana kama ni kumsaidia au kumzuia, na mkewe akampita. Alilishusha mbele ya mabenchi, pale maharusi wanaposimama, akalifungua na kumwaga.

Vumbi la kijani lilipanda kwenye mwanga wa dirisha. Mwanamke aliyekuwa karibu alifunika pua kwa kitambaa, kisha akakiondoa haraka, kwa aibu.

"Hii ndiyo tunakula," Phelista alisema. "Naweka muhogo ndiyo isiwe chungu. Ile ya Hiram ni mimi nilinunua. Mtoto hakujua. Msimcheke yeye. Yeye alipewa tu akaandika."

Kisha akaketi na kuiweka mikono mapajani.

Nasike alisikia neno kwa neno. Alisikia pia kwamba bado angeweza kusema. Kila sekunde aliyonyamaza, uongo wa mama yake ulizidi kuwa wake.

Dinah ndiye aliyeinuka. Alichuchumaa, akaokota punje moja, akaivunja kwa ukucha, akainusa.

"Afadhali yako," alisema. "Yangu hata ukivunja haina ndani."

Mwanamke mmoja wa benchi la nyuma alianza kucheka, halafu wengine, kicheko kingine kabisa, cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Dinah alijifunga leso upya.

"Ngoja hapa, wewe wa vijidudu," alimwambia Nasike. "Usiende. Tunaleta."

Zachary hakuwepo tena mlangoni. Alikuwa ameshika njia ya nyumbani, ameweka koti mkononi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya barabarani.

*

Jumatatu mchana, kule Kitale, vipande vya karatasi vilianza kugeuka. Cha kwanza kilikuwa cha namba moja. Hakikungoja saa mbili. Kilichukua dakika arobaini, buluu ikaanzia pembeni na kuingia katikati hadi ikawa karibu nyeusi. Nasike aliitazama rangi hiyo. Miaka miwili alikuwa akiiota. Aliwahi kufikiri siku atakayoiona kwenye utafiti wenyewe ataruka.

Hadi jioni vilikuwa vimegeuka ishirini na vitatu kati ya thelathini. Nasike alikuwa amemwambia Mukami kwamba mara ya kwanza akina mama walichagua. Mukami alivipanga mezani, juu vile vya mifuko ya kwanza, chini vile vya mifuko ya pili, nyumba chini ya nyumba. Alivua miwani.

"Unaona hii kitu?"

"Bakteria wanafanya kazi."

"Hiyo tumejua. Angalia tena. Nyumba ile ile, ghala lile lile. Wamama wakichagua, sumu hakuna. Wasipochagua, sumu iko. Mikono ya wamama wako imefanya kazi kuliko mashine. Hii si makosa tena, Nasike, hii ni matokeo." Alikuwa anacheka. Nasike hakuwahi kumwona akicheka hivyo. "Na namba moja! Chafu kuliko zote, na akichagua inakuwa safi kuliko zote. Sijui huyu mama ana macho gani. Kesho hiyo ndiyo picha ya kwanza. Jopo litaona hiyo na halitauliza kitu."

"Daktari," Nasike alisema.

"Mm?"

"Niandae picha saa hii?"

"Andaa."

Aliandaa. Akaziweka trei mbili kando kwa kando, moja ya kijani, nyingine nyeupe, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: NAMBA MOJA, KABLA NA BAADA YA KUCHAGUA. Ilikuwa picha nzuri sana.

*

Jopo lilikuwa la watu watatu, wawili mezani na mmoja kwenye skrini kutoka ng'ambo, ambaye sauti yake ilitangulia midomo yake. Derrick na wanafunzi wengine walikaa nyuma. Nasike aliwasha picha ya kwanza. Yule wa kwenye skrini alisogea mbele.

"Hii ni ya ajabu," alisema kwa Kiingereza. "Mwanamke huyu alichaguaje? Tunataka kujua mbinu yake. Inaweza kufundishwa?"

Mukami alimpa Nasike ishara ya kichwa: jibu.

Nasike aliiona mikono ya mama yake ikiwa mapajani, kanisani. Aliwaza kwamba akijibu swali hili, itabidi ajibu la pili, na la tatu, na mwishowe watakuja Kabuchai na kamera kumwomba Phelista awaonyeshe anavyochagua. Na Phelista, kwa ajili yake, angeketi chini na ungo na kuwaonyesha.

"Hakuchagua," alisema. "Mahindi yale ya kwanza hayakuwa yake. Yalinunuliwa sokoni."

Yule wa kwenye skrini alirudi nyuma.

"Umejua lini?" Mukami aliuliza.

Ingewezekana kusema Jumamosi. Akina mama wote wangeshuhudia.

"Siku ile ile nilipoyachukua. Nilijua na nikaandika. Ni nyumba yetu, daktari. Huyo ni mama yangu. Niliona aibu ya mahindi ya kwetu. Naomba namba moja iondolewe."

Nyuma, kiti cha Derrick kililia kidogo. Mukami aliinama na kuanza kusafisha miwani yake, ambayo ilikuwa safi, na hakuinua kichwa hadi Nasike alipomaliza kuonyesha nyumba zile nyingine ishirini na tisa.

Walimtoa nje. Alingoja kwenye korido kwa saa nzima, chini ya bango la mpango lenye picha yake mwenyewe akiwa ameshika trei na kutabasamu. Walipomwita walimwambia matokeo ya nyumba ishirini na tisa yanatosha, na kwamba ataendelea na mwaka wa tatu. Barua ya onyo ingewekwa kwenye faili yake na kukaa humo hadi amalize. Namba moja ingefutwa. Na kuanzia siku hiyo hangechukua peke yake mahindi ya mtu; Derrick ndiye angeshika mfuko, Derrick ndiye angeandika, yeye angetia sahihi chini.

Mukami alimfikia mlangoni. "Jana jioni uliniuliza kama uandae picha," alisema. "Hapo ndipo ungeniambia." Akaenda zake.

Derrick alikuwa anangoja nje, hajui aweke wapi mikono.

"Sasa," alisema. "Ile maneno nilisema kule Suam. Ya kuku."

"Nilicheka," Nasike alimkatiza. "Sote tulicheka."

*

Alipiga simu nyumbani akiwa amesimama kando ya ua wa maabara. Phelista alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Wamekufukuza?"

"Hapana, Mama. Wamenipitisha."

"Asante Yesu." Alipumua. "Sasa mahindi inasemaje?"

"Ina sumu. Ya kwetu na ya wengi. Nakuja Alhamisi niwaambie nyumba kwa nyumba. Lakini yale mlichagua hayakuwa na kitu. Mkichagua kama mlivyochagua ile siku, mnaweza kula. Chafu mchome, hata kuku msiwape."

"Sisi tukichagua haibaki kitu. Nilikwambia."

"Nitatuma gunia. Nitanunua leo."

"Usitume." Sauti ya Phelista ilikuwa imara. "Gunia likishuka hapa kila mtu anaona. Dinah naye ako na wajukuu wanne. Kama si la kila mtu, usitume la mtu mmoja. Tutaangalia. Kuna muhogo."

Nyuma ya mama yake Nasike alisikia sauti ya Zachary ikimweleza mtu kwenye baraza, polepole, kwamba shule yenyewe ndiyo inalipa.

"Na ile yetu?" Phelista aliuliza, ameshusha sauti. "Ile namba moja. Waliionaje?"

"Imetolewa, Mama. Imefutwa."

"Nilijua tu." Aliihamisha simu sikio la pili. "Ni kwa sababu ya ule uchafu nilimwaga kanisani."

Nasike aliegemea ua. Angeweza kusema ndiyo. Mama yake angekubali, angeibeba kama alivyolibeba lile gunia.

"Hapana, Mama," alisema. "Ni kwa sababu ya yale safi. Niliwaambia nilijua."

Simu haikukatika. Alisikia Phelista akitembea, sauti ya Zachary ikibaki nyuma, mlango wa ghala ukifunguliwa, kisha punje zikimwagwa kwenye ungo, chache chache, na mkono ukianza kuchagua.